Jina Chini ya Bakuli

Kawangware,
4 Agosti 2025

Shem Aoko,

Niaje. Umeniblock WhatsApp, umeniblock simu ya kawaida, na Jumapili kanisani ulikaa nyuma ya nguzo. Sawa. Lakini kazi haijui mambo ya kublock, kwa hiyo naandika kwa karatasi kama mtu wa zamani. Shivachi atakuletea na boda yake, ndani ya sanduku, katikati ya magazeti na vumbi la mbao. Mwambie asiisome. Ataisoma.

Kuna majagi mawili ya kioo, bilauri za kijani, na chombo kirefu cha maua ambacho shingo yake imetoka kama twiga aliyeitwa na mtu nyuma yake. Vipige msasa kwenye kitako, kisha viandike jina kama kawaida.

Habari kubwa: Immaculate amepanga maonyesho pale dukani kwake, Jumamosi ya tarehe 27 Septemba. Ni yangu peke yangu. Naandika vibaya: ni yetu, lakini kadi ya mwaliko ilikuwa ndogo. Picha aliyoweka kwenye kadi ni ya lile bakuli la buluu. Watu wanaligeuza, wanaona jina, wanatingisha kichwa. Nilipolipuliza nilijua tu.

Wakarima, mwenye ploti, alikuja tena asubuhi, ameshika shuka kama shahidi kortini. "Fundi, hii nilianika ikiwa white. Sasa hiyo moshi yako imeipatia rangi gani hii?" Nikamwambia tanuri litahama karibuni. Halihami.

Dada yako Daisy anakusalimia. Usichelewe.

Shemeji yako,
Obonyo


Kambi Muru, Kibera,
9 Agosti 2025

Shem,

Shivachi ameisoma. Amesema ile ya twiga ni kali.

Nilikublock kwa sababu ya video. Nilionyeshwa na kijana wa kibanda cha simu pale Makina, mbele ya watu: "Si huyu ni shem wako?" Ulikuwa umevaa aproni mpya. Ukasema, "Kazi ikiisha naigeuza, naandika jina langu polepole. Hapo ndipo moyo wangu unaingia kwenye kioo." Nilikuwa nimeshika sukuma wiki ya jioni. Niliiweka chini.

Obonyo, wewe hujawahi kuandika jina lako kwenye kioo. Siku Immaculate aliposema kila kitu kiwe na jina la fundi kitakoni, ulijaribu kwa msumari, likatoka kama kuku aliyekanyaga moto. Ukanipa mimi, kwa sababu nilikuwa naandika mabango ya vibanda, Kinyozi na Soda Baridi. Mimi ndiye nilikupa hiyo O ya duara. Mimi ndiye nilikupa y yenye mkia unaorudi nyuma na kulizunguka jina lote kama kamba ya mbuzi. Immaculate anasema mkia huo ndio humtambulisha Obonyo wa kweli. Ulipohamisha tanuri kwenda Kawangware kwa sababu majirani wa hapa walichoka na moshi, nilibaki na jiwe la msasa na kalamu ya chuma yenye ncha ya almasi, na jina lako likabaki na mimi. Moyo wako uingie unapotaka. Mkono uko Kambi Muru.

Na hilo bakuli. Eti ulipolipuliza ulijua! Ulijua nini? Januari ulikuwa umelazwa na malaria, unaongea na ukuta. Tanuri lilikuwa limeshawashwa, oili chafu ya moto iko, chupa zimepondwa, Daisy analia. Nilikuja nikashika bomba. Nililipuliza mimi, nikalilaza mimi, nikalisubiri mpaka likapoa lenyewe. Halafu nikalileta huku nikaligeuza, na mkono, kwa mazoea, ukaandika Obonyo. Nimeona kadi ya mwaliko uliyoibandika kwenye kifuniko cha sanduku, Obonyo, na kitu pekee chako kwenye hiyo picha ni jina. Nataka litoke. Nataka bakuli liende kwa watu likiwa na jina langu.

Majagi na bilauri nimeandika. Twiga nakurudishia. Nimemgonga kwa ukucha, akalia kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Hajalala huyo. Unajua vizuri: kioo kikitoka motoni lazima kilazwe kwenye tanuri dogo, kipoe polepole siku mbili, la sivyo ndani kinabaki kikivutana chenyewe kwa chenyewe. Ukikikwaruza hata herufi moja, umekionyesha pa kupasukia. Kinaweza kupasuka hapo hapo, au mwezi ujao kwenye meza ya mtu. Ndiyo maana jina huja mwisho.

Unaharakishia nini?

Aoko


Kawangware,
15 Agosti 2025

Shem,

Yawa, maneno yote hayo kwa sababu ya video ya dakika moja. Yule wa kamera aliniuliza, "Fundi, sema kitu kuhusu moyo." Ningesema nini? Kwamba moyo uko sawa, ni mgongo unauma?

Kuhusu bakuli. Mtu mwenye malaria huona mambo mengi, lakini mimi nakumbuka buluu. Nakumbuka kabisa. Na hata kama bomba ulishika wewe, chupa nilizichagua na kuziponda mimi mwezi wa kumi na mbili. Bila buluu hakuna bakuli.

Halafu fikiria kama mtu wa biashara. Kadi zimeshachapishwa. Kuna mama mmoja ameshamwambia Immaculate hilo bakuli asimpe mtu mwingine. Ukitoa jina langu, ataambiwa ni la nani? La Aoko? Atauliza Aoko ni nani. Sisemi kwa ubaya. Mimi ni jina, wewe ni mkono. Hata mchezaji wa mpira, anayeshangiliwa ni yeye, si kiatu.

Twiga nitamlaza tena.

Jambo dogo, halina haraka: nichoree kwenye karatasi jinsi unavyofanya ule mkia. Wapi unaanzia, wapi unageuka. Kwa kumbukumbu tu. Siku moja unaweza kuugua.

Obonyo


Kambi Muru,
20 Agosti 2025

Shem,

Kiatu kimesoma barua yako.

Mkia hauandikwi kwa vidole. Unaandikwa kwa bega. Weka kiwiko mezani, shusha pumzi, na usirudi nyuma kurekebisha, kwa sababu kioo hakina ufutio. Kalamu ikikwama, usiisukume, zungusha chombo. Anayetembea ni kioo, kalamu inasimama. Nimekuchorea kubwa nyuma ya karatasi hii. Kioo hutembei nacho kwa haraka, na wewe, samahani, ni mtu wa haraka hata ukiwa umekaa.

Miaka yote hii hukuwahi kuuliza. Leo unauliza, halafu unaniambia halina haraka. Kuna nini? Nilimpigia Daisy, hapokei. Nikampigia tena, akapokea Trizah, akasema, "Mama amesema niseme hayuko," na nyuma yake nikamsikia Daisy akicheka kile kicheko chake cha kuficha kitu.

Bakuli bado liko kwa Immaculate? Silali vizuri. Naamka naona kitako chake.

Aoko


Kawangware,
2 Septemba 2025

Nyaminwa, mdogo wangu,

Nisamehe kwa ile ya simu. Baba Trizah alikuwa amesimama mbele yangu na mwiko mkononi, akinikataza kwa macho. Sasa ameenda kutafuta oili, nami naandika haraka kabla Shivachi hajachoka kunisubiri.

Hii ndiyo habari. Siku ya maonyesho, Immaculate anataka Obonyo akae mezani katikati ya duka, watu wakizunguka, aandike jina lake chini ya vyombo hapo hapo. Imeandikwa kwenye kadi, upande wa nyuma, ule ambao hakukuonyesha: Fundi atatia sahihi mbele yenu. Alikubali siku ileile, akicheka, na njiani kurudi nyumbani akachora hewani kwa kidole kuanzia stage ya matatu mpaka mlangoni.

Aoko, mume wangu amechora jina lake kwenye kila kioo cha nyumba hii. Madirisha yote mawili. Kioo cha kunyolea. Mlango wa kabati la vyombo. Juzi alichora kwenye unga nikikanda chapati, na nilipomfukuza akaendelea kwa kidole kwenye mgongo wangu. Hakuna hata moja linalofanana na lingine. Trizah alimwambia, "Baba, hii ni jina ya nani?" Hakula jioni hiyo.

Mtu anashindwa kughushi jina lake mwenyewe. Nataka kucheka, lakini usingizi wake umekatika na wangu pia. Ameketi, amesimama, ameenda kuangalia tanuri, amerudi. Na kuna lingine hatakuambia: Wakarima alimpa notisi mwezi wa saba. Tanuri liondoke kabla ya mwezi wa tisa kuisha. Ndiyo maana vyombo vinalala nusu ya kulala. Anataka kumaliza vyote kabla moto haujazimwa.

Kuhusu bakuli sina la kusema, kwa sababu mimi ndiye niliyekushikia taa ukilipuliza. Nilimwambia. Akasema nilikuwa nimechanganyikiwa na machozi.

Usimwambie nimekuandikia. Ataona tu.

Daisy


Kambi Muru,
4 Septemba 2025

Obonyo,

Sanduku la juzi nakurudishia kama lilivyokuja. Sijaandika hata moja. Vitatu havijalala, na vilivyolala mwenyewe ataviandika tarehe 27 mbele ya watu.

Aoko


Kawangware,
12 Septemba 2025

Shem wangu mpendwa,

Daisy aliona karatasi yako na kuanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi, kwa hiyo najua alikuandikia. Basi, umejua. Afadhali.

Nimejaribu, Aoko. Bega, kiwiko, pumzi, yote. Nimeandika kwenye vipande vya madirisha mpaka Shivachi akaniuliza kama natafuta mtu anayeitwa Obonyo. Vyombo viwili vimepasukia mkononi nikiwa kwenye b. Jana nilimwendea Immaculate nimwambie ukweli. Nilifika, akanipa chai, akasema, "Fundi, watu wanakuja kwa ajili ya huo mkia." Nikanywa chai. Nikarudi.

Sasa sikiza, nimepata njia. Jumamosi hiyo nitafungwa bandeji mkono wa kulia. Nimeungua, ajali ya kazi, nani ataulizia? Wewe unakuja kama msaidizi wangu, unaketi, unaandika kwa niaba. Watu wanaona mkia wao, Immaculate anafurahi, aibu inapita. Baada ya hapo tutaliongelea bakuli. Naapa. Tutakaa mimi, wewe na Daisy, kama watu wazima.

Nikishindwa pale, shem, si mimi peke yangu. Vyote tulivyouza vitakuwa vya uongo. Kila mtu atakwenda kwenye kabati lake na kugeuza chombo.

Njoo. Nakuomba.

Obonyo


Kambi Muru,
16 Septemba 2025

Shem,

Nitakuja. Si kwa sababu ya bandeji yako. Nitakuja kuliona bakuli.

Nitaandika unachotaka niandike. Lakini mambo mawili. Usimsalimie mtu kwa huo mkono. Na usimlete Twiga. Kumlaza mara ya pili bila kumpasha moto upya ni kumlaza mtu kwa nguvu: anafumba macho tu.

Aoko


Kawangware,
29 Septemba 2025

Shem,

Uliondoka kabla ya chai, kwa hiyo nakuandikia. Najua ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa unaangalia kioo na mimi nilikuwa naangalia nyuso.

Ndiyo, niliwasalimia kwa mkono ulioungua. Mtu akinyoosha mkono, nifanye nini, nimpe goti? Na ndiyo, nilimleta Twiga. Meza ilikuwa fupi bila yeye.

Immaculate alipotangaza kwamba fundi ameumia na msaidizi ataandika kwa niaba yake, watu walisema "woiye" kwa pamoja. Nikaona aibu ya kwanza. Halafu ukachukua jagi, ukashusha pumzi, na duka zima likasogea mezani. Nilikuwa sijawahi kukuangalia ukifanya. Nakutumia sanduku na kupokea sanduku, basi. Sikujua kwamba huwa unafumba jicho moja kwenye mkia.

Ukamaliza. Yule mama anayelitaka bakuli akavaa miwani, akashika jagi mkono huu na bakuli mkono ule, akavigeuza vyote viwili. Akapima. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfariji mtoto: "Msichana anajitahidi. Lakini angalia mkia wa mwenyewe, ulivyo na uhai. Huu umeigwa."

Na watu wakakubali! Wote! Wakarima, ambaye nilimwalika ili asinifukuze, naye akaangalia akasema, "Ni kweli, hii ingine iko na nguvu ya mwanaume."

Nilikusubiri uwatukane. Ungetukana, ningebaki ndani ya bandeji yangu kwa amani. Wewe uliifuta kalamu kwa leso, ukairudisha kwenye kibweta chake, ukakiweka sawa na ukingo wa meza. Hilo ndilo sikuweza kulivumilia.

Daisy alikuwa amenifunga kama mtu wa ajali ya lori. Nilifungua, nikafungua, bandeji ikajaa sakafuni, na mkono ukatoka msafi kama yai. Nikamsikia Immaculate akisema, "Fundi?" Nikachukua kalamu. Kilichokuwa karibu ni Twiga.

Uliona mwenyewe. O ikatoka, kuku akakanyaga moto, nikavuka n, nikafika kwenye mkia, na pa! Shingo ikaanguka kwenye zulia, kiwiliwili kikabaki mkononi. Nikamnyooshea yule mama hicho kiwiliwili. Nikamwambia, "Huu ndio mkono wa mwenyewe. Vingine vyote mnavyoona vimeandikwa na huyu, na hilo bakuli, kupuliza na kuandika, ni lake. Mimi nilikuwa nimelala nikiongea na ukuta." Nilipogeuka, kiti chako kilikuwa kitupu.

Baada ya hapo: yule mama aliweka bakuli mezani kama limemchoma, akaenda. Watu wengine walibaki, wanageuza vyombo, wananiangalia mimi, wanaangalia vyombo. Wengine walinunua. Mmoja aliomba kipande cha shingo. Wakarima alicheka mpaka akakalia kreti. Amesema mtu aliyejiaibisha namna ile hawezi kufukuzwa mwezi huohuo, tanuri likae mpaka Krismasi, lakini nguo zake nizifue mimi.

Immaculate ni mtu wa biashara. Alinipeleka pembeni. Amesema ukweli umesemwa dukani mwake mara moja, inatosha, wateja wengine hawakuwepo. Bakuli likibaki na Obonyo chini yake, analichukua leo, anapo pa kulipeleka. Likiwa na jina lingine, ataliweka rafu ya chini pamoja na vishikio vya funguo, tuone.

Nililichukua mkononi mwake. Shivachi amelibeba kifuani, si nyuma. Liko ndani ya sanduku hili. Kalamu unayo. Sikuambii uandike lipi. Ningekuambia, ningekuwa nimeandika mimi tena.

Buluu sikumbuki. Nilisema uongo. Nakumbuka ukuta.

Obonyo


Kambi Muru,
19 Oktoba 2025

Shem,

Kwenye kikaratasi cha sanduku la juzi umeandika simu yangu imekatika. Haijakatika. Bado nimekublock. Nimezoea barua. Kwenye simu ungekuwa umeshanijibu kabla sijamaliza kufikiri.

Niliondoka kwa sababu ya yule mama. Si kwa hasira. Niliposikia ule mkia umeigwa, nilitazama jagi na bakuli, na Obonyo, nusura nimwamini. Nilitoka nje nikatembea mpaka mtaa wa Ayany bila kujua natembea. Nilikuwa najiuliza, kama ule wa bakuli ni wa mwenyewe na huu wa jagi ni wa msaidizi, na yote niliandika mimi, basi mimi ni yupi siku gani.

Bakuli lilikaa kwenye kitanda siku nyingi. Shivachi alikuwa akipita anauliza, "Bado?" kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Immaculate alipiga. Nikamwambia bado. Akapiga tena. Nikamwambia hilo la rafu ya chini si baya, watu wafupi pia wana macho.

Halafu nililisaga. Niliweka kitako kwenye jiwe la msasa na maji, nikakuondoa. Mkia ndio ulikuwa wa mwisho kutoka. Palibaki ukungu mweupe, nikapang'arisha, nikachukua kalamu, nikashusha pumzi. Mkono ukaanza O.

Haikufika ndani, niliuinua kwa wakati. Lakini niliogopa. Nikaweka bakuli mbali nikachukua vipande vya dirisha, nikaanza kuandika Aoko. Cheka. Nimeandika kwenye vioo vyote vya nyumba hii. Nimeandika kwenye mfuniko wa sufuria. Mkono huu unaojua jina lako usiku na mchana, ukiambiwa uandike lake mwenyewe unakuwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Hauna mkia. Nimeutafutia mkia, haukubali. Daisy alikuja Jumapili iliyopita, akatazama madirisha, akakaa chini, akasema, "Hata huku?"

Jana asubuhi niliacha kujaribu. Nilikaa mlangoni penye mwanga, nikaliweka bakuli magotini, nikaliandika jina langu kama linavyotoka. Limeinama. K imesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na wenzake stage. Ni baya, Obonyo, ni baya kama lako.

Halikupasuka. Nilikaa nalo mpaka jua likahama. Nikaligonga kwa ukucha, likalia sauti moja, ndefu, bila kukwaruza. Lililala vizuri, lile bakuli. Nililisubiri mwenyewe.

Shivachi anampelekea Immaculate leo. Rafu ya chini.

Vyombo ulivyotuma nimevipiga msasa, vitako viko tayari, na viwili havijalala, nimevitia alama ya chaki. Jina sijaandika. Lako utaliandika wewe, hata likiwa lile la kuku, watu watalizoea. Lakini laza kwanza.

Aoko